Aliyeshuka Mkuyuni

Nimefundisha watu kuendesha gari hapa Mwanza kwa miaka kumi na sita, na somo nililokuwa nalipenda kuliko yote si kurudi nyuma wala kuondoka kwenye mlima. Ni somo la kusimamishwa. Nililifundisha kama sala. Trafiki akinyoosha mkono, washa indiketa, egesha pembeni, zima injini, shusha kioo, weka mikono juu ya usukani ionekane. Msalimie wewe kwanza. Akiuliza, jibu. Akisema shuka, shuka. Mwanafunzi akianza kuniuliza kama ana haki ya kukataa, nilimkatisha. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nilimwambia, haki utaidai ukishafika nyumbani mzima.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa akilisikia somo hilo anacheka hadi anakaa chini. Yeye alikuwa fundi wa injini za boti kule Igombe, na alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Akisimamishwa na pikipiki yake, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa kosa gani, afande?" La pili lilikuwa kuomba kitambulisho cha afande mwenyewe. Mara nyingine, nikubali, hakuwa na kosa lolote. Lakini alikuwa na namna ya kuuliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anasikiliza injini mbovu, ambayo ingemkera hata malaika.

Mwaka juzi ubishi huo ulimweka kituoni tangu asubuhi mpaka alasiri. Nikaacha wanafunzi wangu, nikaenda kumwombea. Alitoka akiwa ameshika mkanda wa suruali na kamba za viatu mkononi, bado anaeleza kifungu cha sheria kwa mtu ambaye hakuwa anamsikiliza. Nilimfokea pale pale nje, mbele ya watu. Nina hasira za karibu, nazijua. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia ipo siku atatii tu, apende asipende.

"Siku hiyo nitakuwa sina jinsi, dada," alisema, akainama kufunga viatu.

Hatukuzungumza tena. Wiki iliyofuata alikwenda kujaribu injini aliyokuwa ameitengeneza, upepo ukawakuta mbali na nchi kavu, boti likapinduka. Wenzake wawili walishika dumu wakaokolewa. Yeye hakuonekana. Wavuvi walimtafuta siku tisa, wakafika mpaka upande wa Ukerewe, wakauliza mpaka Nansio, na siku ya kumi mkubwa wao alikuja kwa mama, akavua kofia, akasema ziwa limekataa.

Sisi asili yetu ni Wajaluo wa Rorya. Baba alikuja Mwanza kikazi, akanunua kiwanja Buhongwa, na alipofariki akazikwa humo humo, nyuma ya nyumba. Mama alitaka kitu kimoja tu, mwanawe alale kando ya baba yake. Alishusha godoro, akatandika mkeka sakafuni sebuleni, akasema hatapanda kitandani wala matanga hayataanuliwa mpaka mtoto afike nyumbani. Mimi ni mtu wa kanisa na wa shule, nilijaribu kumwambia kwamba roho haina anwani. Akaendelea kuunyoosha mkeka.

Ndipo akaja shangazi, dada wa baba, kutoka Rorya, na mfuko wa sandarusi miguuni. Ndani yake mlikuwa na tunda la mwegea, lile refu la kijivu linaloning'inia kwenye kamba yake, zito kama mtoto aliyelala. Kwetu, mtu asiyepatikana mwili wake huzikwa tunda hilo badala yake, kwa heshima zote. Nilikuwa nimesikia habari hizo utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba tunda hilo litasafiri kwenye gari langu.

Tulikwenda Igombe Jumamosi, saa sita za mchana, mama, shangazi na mimi, kwenye gari la chuo lenye herufi nyekundu ya mwanafunzi mbele na nyuma. Shangazi aliingia majini mpaka magotini, akalizamisha tunda, akamwita mdogo wangu kwa majina yake yote, la ubatizo na la nyumbani. Alimwita kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. Ziwa lilikuwa limetulia namna ambayo siipendi. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu waliacha kushona. Mara ya tatu alipoita, mbwa wao mmoja aliyekuwa amelala mchangani alisimama, akasogea pembeni na kupisha njia, kisha akalala tena. Niliona kwa macho yangu na sikumwambia mtu.

Shangazi alilifunga tunda kwenye shuka jeupe, bado linachuruzika, akalilaza kiti cha nyuma na kuketi kando yake. Kabla sijawasha gari alinipa masharti. Kuanzia hapo mpaka getini Buhongwa, hakuna wa kusema neno, na hasa hakuna wa kusalimiana na mtu yeyote.

"Aliyekufa majini haoni njia," alisema. "Anasikiliza. Watu husalimiana wakifika. Ukimsalimia mtu njiani, atajua amefika, na atashuka."

Niliwasha gari. Sasa nitasema jambo ambalo mtu asiyefundisha gari anaweza asilione kuwa jambo. Gari lile nalijua kuliko ninavyoijua nyumba yangu ya Kiseke. Likiwa na watu watatu, miinuko ya njia ya Igombe linapanda kwa gia ya tatu bila kulalamika. Siku ile kila mwinuko lilikataa. Kila mwinuko nilirudi gia ya pili, na injini ikavuta kama imepakia mahindi. Nilimtazama mama, mama akatazama mbele. Kwenye kioo nilimwona shangazi ameweka mkono juu ya shuka, na kiti kimelowa kuliko tunda moja linavyoweza kulowesha.

Tulipita uwanja wa ndege, tukapita mjini, na kote huko watu wanaonijua walinipungia mkono nikawapita kama siwaoni. Ukimya ule ulikuwa na uzito wake. Nilianza kuhisi kwamba ndani ya gari kuna mtu wa nne anayejitahidi kunyamaza, na kwamba kwake kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kwetu. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilijiambia nitamwomba tukifika.

Baada ya Mkuyuni, pale ziwa linapokaribia barabara, trafiki alinyoosha mkono.

Mguu wangu ulikanyaga breki kabla ya akili kuamua. Indiketa, pembeni, injini, kioo, mikono. Alikuwa kijana mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na alinijua, kama trafiki wengi wanavyonijua.

"Habari za mchana, mwalimu."

Mama aliweka mkono juu ya goti langu na kulibana. Nikanyamaza. Aliuliza tena, mara hii bila tabasamu, kisha akainama kutazama nyuma. Siku zile walikuwa wakikagua mizigo inayotoka mialoni, kule boti zinakoshusha samaki, kwa sababu ya samaki wachanga waliokatazwa, na sisi tulikuwa na kifurushi cheupe kilicholowa na wanawake watatu wasiotaka kujibu. Hata mimi ningetushuku. Niliona uso wake ukibadilika, na nikaona jinsi mambo yatakavyokwenda, atatoa funguo, ataita wenzake, tutapelekwa kituoni, shuka litafunguliwa juu ya meza. Miaka yote nimefundisha kwamba ukimya kwa polisi ni matusi.

"Salama, afande," nilisema. "Habari ya kazi?"

Goti langu bado linakumbuka kucha za mama.

"Nzuri," alisema yule kijana, na kwa kweli alionekana amepata nafuu. "Shukeni kidogo, tuone mzigo."

Tukashuka. Sote. Nilifungua mlango wa nyuma mwenyewe na nikaushikilia wazi, maana ndivyo ninavyofundisha. Alifunua ncha ya shuka, akaona tunda, akalifunua lote, akalitazama kwa muda mrefu. Nilimweleza kwa maneno machache, maana sasa ukimya ulikuwa umekwisha na maneno hayakuwa na kazi nyingine. Hakucheka. Alilifunika tena taratibu, akakunja pembe za shuka vizuri kuliko shangazi alivyokuwa amezikunja, akasema poleni sana, nendeni. Hakuwa mtu mbaya, na ningekuwa na wa kumlaumu kama angekuwa mbaya.

Tulipoingia garini shangazi alijaribu kuliinua tunda alisogeze, na mikono yake ikapanda juu ghafla, kama mtu anayeinua ndoo akidhani imejaa. Akaliweka mapajani.

"Ameshuka," alisema.

Niliwasha gari. Kilima kilichofuata tulikipanda kwa gia ya tatu, bila shida yoyote, na mama akaanza kulia.

Tulizika tunda lile jioni, kando ya baba, na sala zikasomwa. Mama alisimama kaburini kama mtu aliyekuja kwenye msiba wa jirani. Usiku alirudi kwenye mkeka. Shangazi alikaa siku nne akarudi Rorya, na wakati wa kuagana hakunilaumu hata kwa neno moja. Nilitamani angenilaumu.

Jambo lililonitesa si kwamba nilivunja sharti. Ni kwamba mdogo wangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushuka chombo bila kuuliza kwa kosa gani, siku ile aliambiwa shukeni, akashuka. Nilimwambia ipo siku atatii. Akatii, barabarani, kwenye jua, kwa sauti ya dada yake anayesalimia afande.

Miezi ikapita. Kila nilipokwenda Buhongwa mama alikuwa na swali moja. Hakuuliza habari za kazi wala za watoto. Aliuliza kama nimepita Mkuyuni. Nikisema nimepita, aliuliza, "Pale pana kivuli?"

Mara ya kwanza nilisema hapana, mama, ni pa wazi. Nilimwona jinsi alivyolipokea jibu lile, nikajuta. Mara ya pili nilisema kuna mti. Hakuna mti. Kuna mawe na bango la matangazo ambalo karatasi yake imechanika. Yeye bado alilala sakafuni, na baridi ya sakafu ikaanza kumwingia mifupani, akawa anainuka asubuhi kwa kushika ukuta. Nilimnunulia godoro jipya, akaliegemeza mlangoni. Alisema litamfaa mdogo wangu akifika.

Na mimi kazini nilianza kuharibikiwa. Magari yetu ya kufundishia yana breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja upande wa mwalimu. Kila tulipofika pale baada ya Mkuyuni, gari lilipungua mwendo lenyewe. Nikamlaumu mwanafunzi wa kwanza kwa woga na wa pili kwa uzembe. Wa tatu alikuwa nesi wa makamo, mtaratibu, mwenye mguu mwepesi. Gari lilipungua, likasimama kabisa, malori yakatupigia honi nyuma.

Nilimuuliza kwa ukali kwa nini amesimama. Alitazama chini upande wangu, akasema kwa adabu, "Mwalimu, ni wewe."

Nikatazama. Mguu uliokuwa umekanyaga ulikuwa wangu, na sikuusikia. Nilipoutoa, ulitoka kwa shida, kama ulikuwa umekubaliana na kitu ambacho mimi sikuambiwa. Siku ile nilimrudisha yule nesi chuoni mapema, nikampigia simu shangazi.

Nilimuuliza kama jambo lile linaweza kurudiwa. Simu ilikuwa inakwaruza, nikadhani imekatika. Kisha akasema aliyeshushwa anaweza kupandishwa, lakini apandishwe na yule aliyemshusha. Gari lile lile, mchana kama ule ule. Tunda halihitajiki tena, kaburi lipo. Na safari hii, alisema, uubane mdomo wako.

Nilikwenda Jumamosi. Sikumwambia mama. Siku hiyo wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoibuka majini kwa mamilioni, walikuwa wamenyanyuka, wingu zima, ukiwaona kwa mbali unadhani maji yanaungua. Walikuwa wamefika mpaka barabarani, magari yamewasha taa mchana. Niliegesha pale pa wazi, nikazima injini, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikaushikilia kama nilivyoushikilia siku ile.

Upande wa pili wa barabara alikuwepo mama mmoja anayeuza miwa, tumefahamiana miaka. Alinisalimia, akauliza kama gari limezima. Sikumjibu. Aliuliza tena, kwa wema, na mimi nikampa mgongo. Niliona haya kiasi kwamba masikio yaliniwaka.

Sikusikia chochote na sikuona chochote. Nilichofanya ni kumpa muda ambao yeye mwenyewe angeutumia. Angezunguka gari kwanza. Angepiga teke tairi la nyuma, aseme limekwisha, unawafundishaje watu na tairi kama hili. Angeinama asikilize injini hata kama imezimwa. Angenitania kuhusu herufi nyekundu. Ndipo aingie, kwa kuanza na mguu wa kulia, magoti yakigusa kiti cha mbele kwa urefu wake. Nilimsubiri mpaka akakaa. Nikafunga mlango taratibu, nikarudi kwenye usukani, nikaondoka.

Kilima kilipokuja nikaingiza gia ya tatu. Injini ikagoma, ikatetemeka, ikataka kuzima. Nikarudi ya pili. Kwenye gari nilikuwa peke yangu. Machozi yalinitoka pasipo sauti, maana hata kulia niliogopa kusije kukahesabika kuwa neno.

Kabla ya Nyegezi, katikati ya wale wadudu, mkono mweupe ulinyooshwa.

Wakati huo nilifikiria kitu ambacho sijawahi kumfundisha mtu yeyote, kukanyaga mafuta nipite. Nilikifikiria kwa dhati. Lakini nilijua akinifukuza na pikipiki, na ving'ora, na kelele, itakuwa mbaya zaidi. Nikasimama. Indiketa, pembeni, injini, kioo, mikono juu ya usukani. Mwili wangu wote ulitii, nikauacha mdomo peke yake ubaki na mdogo wangu.

Alikuwa yule yule. Wadudu walikuwa wametua kwenye mabega yake meupe. Akasema habari za mchana, mwalimu. Nikamtazama. Akasubiri. Akaomba leseni, nikampa. Akaisoma mbele na nyuma, akasema habari tena, polepole zaidi, na alipoona midomo yangu imebanwa na uso umelowa, alinyamaza. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka. Aliinama, akachungulia kiti cha nyuma, na akakitazama kwa muda ule ule aliolitazama tunda.

Alipoinuka alikuwa amevua kofia. Alinirudishia leseni kwa mikono miwili.

"Mwambie wa nyuma afunge mkanda," alisema.

Mpaka leo sijamuuliza alikuwa na maana gani. Tunaonana, anapunga, napunga. Labda alikuwa ananipa heshima ya msiba kwa lugha anayoijua. Labda ni mazoea ya kazi. Wakati ule sikuuliza kwa kosa gani. Niligeuka, nikanyoosha mkono nyuma, nikauvuta ule mkanda kupita kwenye kiti kitupu, nikausukuma mpaka ukalia. Trafiki alisogea katikati ya barabara, akayasimamisha malori ya Shinyanga upande mmoja na mabasi upande mwingine, akanipungia nipite.

Nilifika Buhongwa kwa gia ya pili. Geti lilikuwa wazi, na mama amesimama hapo, ameshika nguzo, ingawa hakuna mtu aliyempigia. Hakunitazama mimi. Alipita dirisha langu, akafungua mlango wa nyuma, akaona mkanda uliofungwa juu ya kiti kitupu. Aliinama kwa shida, na vidole vyake vilivyokufa ganzi kwa baridi ya sakafu vikahangaika na kile kitufe mpaka kikaachia.

"Shuka, baba," alisema. "Umefika."

Injini ilikuwa imezimwa. Niliweka mikono juu ya usukani, nikasubiri ashuke.